Dawa za damu: za kugandisha na za kuyeyusha, wana Mara someni hii

Binamu yangu wa Butiama alitahiriwa, damu ikatoka siku tatu. Ndugu wakaanza kumsema mama yake, mara laana, mara karogwa. Kumbe dogo ana hemofilia! Tangu hapo nimesoma sana, naomba niwawekee kwa kifupi.

HEMOFILIA: Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Mwili hautengenezi vya kutosha protini ya kugandisha damu: faktori 8 (aina A) au faktori 9 (aina B). Unarithiwa kupitia mama, na wanaougua zaidi ni wavulana. Lakini kama theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote kwenye ukoo, kwa hiyo jamani tuache kulaumu akina mama. Dawa yake ni kuchomwa faktori inayokosekana. Mgonjwa asipewe aspirini wala diklofenaki, zinaongeza kutoka damu. Panadol haina shida.

TRANEKSAMIKI ASIDI: Iligunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe, wakaitangaza mwaka 1962. Inazuia bonge la damu lisiyeyuke mapema. Utafiti uliotoka 2017, wa wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania ikiwemo, ulionyesha inapunguza vifo vya wazazi wanaotoka damu nyingi baada ya kujifungua. Sharti: ndani ya saa 3, na mapema zaidi ndio bora.

ZA KUYEYUSHA: Hizi ni kinyume chake. Streptokinasi na alteplasi huyeyusha damu iliyoganda kwenye mshipa. Kwa kiharusi cha bonge, alteplasi hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na lazima CT scan ifanyike kwanza, maana kiharusi kingine ni cha mshipa kupasuka. Ukikosea hapo, unamuua mgonjwa. Sasa piga hesabu: Musoma hadi Bugando, Mwanza, kupitia Bunda, ni zaidi ya kilomita 200. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea ghafla, usisubiri kesho.

Ombi langu: mtoto akivimba magoti ovyo, au jino likitoka damu haikatiki, apimwe KABLA ya kutahiriwa. Sisi tulijua baadaye, na nusura tumzike.

Mwenye la kuongeza karibu hapo chini, ila matusi hapana.