Thimlich Ohinga: Ngome ya mawe iliyohimili karne tano

UKISAFIRI takriban kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, katika eneo la Nyatike, utafika kwenye kuta za mawe zilizosimama tangu karne ya 16. Mawe hayo hayakushikamanishwa kwa saruji wala kwa udongo. Hii ndiyo Thimlich Ohinga.

Jina hilo ni la Kiluo. Ohinga ni boma la mawe, nayo Thimlich ni kichaka kizito cha kutia hofu. Eneo lote lina ukubwa wa hekta 21 na maboma makuu manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kubwa zaidi ni Kochieng.

Kuta hizo zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa wastani wa mita moja. Siri ya uimara wake ni mpangilio. Waashi walipanga safu mbili za mawe, moja ya nje na nyingine ya ndani, kisha wakajaza mawe madogo katikati ili kuzifunga pamoja. Palipohitaji nguvu zaidi, ukuta uliegemezwa kwa nguzo za mawe. Milango ilifanywa mifupi na myembamba, hivyo kwamba aliyeingia alilazimika kuinama, naye adui hangeweza kujitetea katika hali hiyo.

Ndani yake watu waliishi pamoja na mifugo yao. Mazizi, alama za nyumba na mawe ya kusagia yanathibitisha hayo. Aidha, kulikuwa na mahali pa kufulia chuma. Boma halikuwa kinga dhidi ya wavamizi na wanyama wakali pekee. Lilikuwa pia mpaka wa ukoo, likionyesha nani ni wa nani. Jamii mbalimbali zilipokezana makao hayo, na desturi ya kuishi katika maboma ya mawe ilidumu hadi katikati ya karne ya 20.

Thimlich si boma la pekee. Watafiti wamehesabu zaidi ya majengo 500 ya aina hiyo katika iliyokuwa Nyanza Kusini, ambayo leo inajumuisha kaunti za Migori na Homa Bay. Hata hivyo, ndilo lililo kubwa na lililohifadhiwa vyema kuliko yote.

Serikali ililitangaza kuwa mnara wa kitaifa mwaka wa 1981. Mnamo 2000 liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya makumbusho 100 yaliyo hatarini zaidi, kwani mizizi ya miti na mifugo vilikuwa vikiangusha kuta. Baada ya ukarabati, UNESCO ililiorodhesha kuwa Turathi ya Dunia mwaka wa 2018, la saba nchini Kenya, miaka kumi baada ya misitu mitakatifu ya Kaya za Wamijikenda, ambako wazee wangali wakifanya matambiko.

Kaya zimedumu kwa sababu wenyewe wanaziheshimu. Ndivyo ilivyo pia Thimlich: kabla ya sheria ya serikali, miiko ya wenyeji ndiyo iliyozuia mawe yasichukuliwe. Mengi ya maboma mengine hayana ulinzi wa sheria, na jiwe likishaondolewa kujengea nyumba au zizi, halirudi. Ujuzi wa kuyapanga nao wamebaki nao wachache. Yafaa vijana wafundishwe kazi hiyo wakati wajuzi wangali hai.