Watunga Programu wa Nyanda za Juu Kusini

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka wa 1965. Haikutimia miaka kumi ila serikali hiyo hiyo ikaipa kisogo: mwaka wa 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, kwa kuwa mitambo hiyo ilionekana kula fedha kuliko faida iliyoleta. Asiyelikumbuka jambo hilo hataona ajabu yoyote akiingia leo katika chumba cha kupanga mjini Iringa au Mbeya, akawakuta vijana wameizunguka meza, kila mmoja na kompyuta yake, wakitafuta riziki kwa kutunga programu.

Kilicholeta badiliko hilo ni waya. Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam kwa njia ya bahari mwezi wa Julai 2009, na mwaka huo huo ujenzi wa Mkongo wa Taifa ukaanza. Mkongo ukapanda nyanda za juu, ukapita Iringa na Mbeya, ukafika Tunduma na Kasumulu, yaani kule kule yaendako malori ya Zambia na Malawi. Mafundi nao hawakukosekana: Chuo cha Ufundi Mbeya, kilichoanzishwa mwaka wa 1986, kiligeuka kuwa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia mwaka wa 2012, na Iringa ikapata tawi la RLabs, harakati iliyozaliwa Cape Town mwaka wa 2008.

Siku ya kazi huanza kwa kusimama. Katika baridi ya Juni, makoti yangali mwilini, kila mmoja hueleza alichomaliza jana na kilichomkwamisha. Ndipo huja chai na chapati, kisha kimya kirefu cha vidole. Umeme ukikatika, wenye betri nzima huendelea, na simu ya mmoja wao huwa mlango wa intaneti wa wote. Mchana mama lishe huleta ugali, na deni lake huandikwa daftarini, kwani mteja aliyeahidi kulipa mwisho wa mwezi bado hajalipa.

Mabishano yao ni ya Kiswahili, lakini amri wanazoipa mashine ni za Kiingereza. Kasoro huitwa bagi. Kuhifadhi ni kusevu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijaribu kuziba pengo hilo mwaka wa 2004 kwa kushiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Walinzi wa lugha huudhika wakisikia kusevu. Lakini hata hiyo meza, jina lake lilitoka kwa Wareno, na hakuna anayeililia.

La kuhuzunisha ni jingine. Kijana akishaiva, Dar es Salaam humwita kwa mshahara, na wanaobaki humfundisha mwingine upya.

Mei 12, 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, mbali kusini. Intaneti ikalegea nchini. Kazi iliyokuwa ndani ya kompyuta iliendelea kuandikwa. Iliyokwisha haikuweza kupelekwa. Siku kadhaa zilipita kabla ya mawasiliano kurudi kama kawaida.