Majivu, Sabuni na Ugoro: Habari za Vita vyetu na Vidukari

Kurasa nyingine za kijitabu hiki cha ukumbusho zinahesabu magunia, malori na shilingi zilizopita mikononi mwa Chama chetu Kikuu katika miaka yake kumi. Sisi tumepewa nafasi ndogo ya kueleza habari za adui mmoja ambaye hutajwa katika mikutano yetu kwa hasira tu, kisha akasahauliwa mpaka msimu mwingine. Adui huyo ni kidukari, ambaye wengi wetu humwita mdudu mafuta, kwa sababu jani alilokaa hunata na kung'aa kana kwamba limepakwa mafuta. Mwili wake hauzidi kichwa cha pini. Hatafuni wala hachimbi. Kazi yake ni kuchoma mdomo wake mwembamba katika jani changa na kunyonya utomvu. Kwa kazi hiyo moja amekwisha kuharibu kabichi, maharage, njegere na viazi vingi katika milima hii ya Usambara.

Wanachama wa siku nyingi watakumbuka mwaka wa pili wa Chama, siku lori zima la kabichi liliporudishwa kutoka mjini. Mnunuzi alifunua jani la kwanza, akafunua la pili, na chini ya la tatu akawakuta wamelala kama unga wa kijivu. Hatukumlaumu, nasi tusingelinunua kabichi lile. Walakini yaliyofuata juma lile ndiyo yaliyotufundisha, kwa maana kila nyumba ilikuwa na dawa yake. Jirani mmoja alimimina sabuni ya unga ya kufulia bila kipimo, saa nne ya asubuhi, na jua lilipopinduka majani yake yalikuwa kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mwingine aliloweka ugoro katika ndoo akaukoroga kwa mkono mtupu. Vidukari walikufa kweli, lakini na yeye alitapika hadi usiku, na mkewe akadhani mumewe amelishwa sumu. Wa tatu alinyunyiza majivu, na mvua ikayaosha kabla ya chakula cha jioni. Wa nne alikopa fedha akanunua chupa dukani, na aliyemwuzia hakumwambia angoje siku ngapi kabla ya kuvuna. Kabichi zake zilikuwa safi machoni, na hatujui waliozila walikula nini.

Ndipo tulipoona heri kuuliza wazee, na kusoma vitabu, ili tujue dawa hizi zimetoka wapi na zina nguvu gani.

Yatupasa kwanza kumjua mdudu mwenyewe. Mwaka 1740 kijana mmoja wa Geneva, jina lake Charles Bonnet, aliyekuwa na umri wa miaka 20, alimchukua kidukari mara alipozaliwa, akamfungia peke yake juu ya kitawi chini ya chombo cha kioo. Akamchungulia kila siku kwa zaidi ya mwezi mmoja. Kidukari yule, ambaye hakupata kuonana na dume hata mara moja, alizaa watoto 95. Bonnet alikuwa ameelekezwa katika jambo hili na mtaalamu mkubwa wa Ufaransa, Réaumur, na habari hiyo iliwastaajabisha wenye elimu wa Ulaya. Mkulima ajue basi kwamba kidukari hutaga mayai kwa nadra. Kwa kawaida huzaa watoto hai. Katika nchi zenye joto kama zetu majike huendelea kuzaa hivyo mwaka mzima, na mtoto aliyezaliwa leo aweza kuwa mama kabla ya siku kumi kupita. Anayewaua tisa katika kila kumi, kisha akaenda zake kwa furaha, baada ya majuma mawili atakuta shamba limerudi pale pale. Wengi wetu tuliosema kwamba sabuni haifai tulikuwa tumeinyunyiza mara moja tu.

Kuhusu majivu, wazee wetu hawakuwa na mengi ya kueleza: yalichotwa jikoni, yakapoa, yakachekechwa, yakanyunyizwa juu ya mboga alfajiri wakati majani yana umande, ili yashike. Majivu makavu humkausha mdudu mwenye ngozi laini na kumsumbua asikae vizuri. Ni dawa ya bure, na kwa kitalu kidogo cha nyuma ya nyumba yafaa. Lakini mvua moja huyaondoa, na yakizidi hubadili udongo. Zaidi ya hayo, vidukari wa kabichi hukaa chini ya jani, na majivu hukaa juu yake.

Sabuni ndiyo tunayotaka kukaa nayo zaidi. Katika karne ya 19 watunza bustani wa Ulaya walitumia sabuni laini ya potasi juu ya mawaridi yao, na Wamarekani walitumia sabuni iliyopikwa kwa mafuta ya nyangumi. Sababu ya nguvu yake ilieleweka baadaye. Kidukari amefunikwa na nta nyembamba, na yule wa kabichi amejipaka nta nyingi zaidi, ndiyo maana rangi yake ni ya kijivu na ndiyo maana maji matupu humteleza kama yateleavyo juu ya jani la yugwa. Sabuni huyafanya maji yashike, huivunja nta hiyo na kuupasua utando wa ndani, naye hukauka. Walakini sabuni humwua yule tu iliyemgusa, na wakati ule tu ambapo ingali majimaji. Ikikauka, imekwisha kazi yake. Kwa hiyo anayenyunyiza juu ya jani pasipo kuligeuza amewaosha vidukari wachache na kuwaacha wengi.

Kipimo tulichokizoea sisi ni sabuni ya mche iliyokunwa, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji, iyeyushwe kwanza katika maji ya moto kidogo. Sabuni ya unga tumeiacha, kwa maana imetiwa mambo mengine ya kung'arisha nguo yanayounguza majani. Hata hiyo ya mche, jaribu kwanza majani mawili matatu ukangoje siku moja. Nyunyiza jioni, jua likiwa limepoa, kisha rudia baada ya siku nne au tano, na mara ya tatu vivyo hivyo. Wako waliojaribu kuchanganya na mafuta ya taa, wakisema wamesikia. Habari hiyo ina asili yake: katika miaka ya 1880 wataalamu wa Marekani walikoroga mafuta ya taa na sabuni mpaka yakawa kama maziwa, wakanyunyizia michungwa. Mchungwa una jani gumu. Kabichi halina, wala hakuna apendaye kula mboga inayonuka taa.

Sasa tumbaku. Maji ya tumbaku yalitumika dhidi ya vidukari huko Ulaya tangu karne ya 18, na mwaka 1828 Wajerumani wawili, Posselt na Reimann, waliitenga sumu iliyomo, nikotini. Marekani iliuza kwa miaka mingi dawa ya chupa iliyoitwa Black Leaf 40, yaani nikotini asilimia 40. Basi yule jirani yetu wa ugoro hakuwa mjinga. Alitumia dawa iliyosifiwa na mataifa makubwa. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kitu cha nyumbani hakiwezi kuwa sumu. Nikotini hupenya ngozi ya mkono, na mtu akikoroga kwa mkono huinywa bila kujua. Tena tumbaku hubeba ugonjwa wa batobato, ambao huhamia kwenye nyanya na pilipili kwa kugusa tu, kwa kuwa ni mimea ya ukoo mmoja. Kwa sababu hizo mbili sisi tumeshauri wanachama wasiitumie kabisa juu ya mboga, na twajua wako wasiokubaliana nasi. Ubishi huo umefika mkutanoni mara mbili na haujakwisha.

Pareto ni habari nyingine. Ua hili jeupe lilitoka Dalmatia, likalimwa sana Japani, na mwaka 1928 mbegu zake zilianza kulimwa Kenya. Kufika Vita Kuu ya Pili Kenya ilikuwa imeishinda Japani, na nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika nazo zikalilima. Unga wa maua makavu ukilowekwa katika maji ya sabuni huwaangusha vidukari kwa muda mfupi. Jua huiharibu nguvu yake upesi, jambo ambalo mfanyabiashara huliona hasara na mlaji huliona faida. Walakini pareto haichagui: humwua nyuki, na ikimwagika mtoni huwaua samaki.

Mwarobaini nao usisahauliwe, ijapokuwa wapenda joto la pwani na si baridi ya kwetu. Mwaka 1959 mtaalamu Mjerumani, Heinrich Schmutterer, aliona huko Sudani kundi la nzige likila kila kitu na kuiacha miarobaini imesimama na majani yake. Mwaka 1968 kitu chenye nguvu kilichomo, azadiraktini, kilitengwa huko Uingereza. Kiko zaidi katika kokwa kuliko katika jani, nacho hupungua nguvu kikipata moto mkali. Kumbe wale wetu walioagiza majani kutoka Muheza na kuyachemsha nusu ya siku walikuwa wakiipika dawa mpaka ikafa! Heri kuzitwanga kokwa, kuziloweka usiku kucha na kuzichuja. Juu ya vidukari dawa hii hufanya kazi polepole.

Kwa nini basi mambo haya ya kale yaliachwa? Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi aliona jinsi DDT iuavyo wadudu, na mwaka 1948 alipewa Tuzo ya Nobel. Baada ya vita dawa hiyo, na nyingine kali zaidi kama parathioni, zilifika mashambani, na majivu yakaonekana ushamba. Lakini vidukari wengi hawakuijali DDT, hali maadui zao waliangamia. Mdudu yule mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, ambaye hula vidukari kutwa kucha; na nyigu mdogo mno atagaye yai ndani ya mwili wa kidukari, naye akavimba na kugeuka ganda la hudhurungi; hao ndio waliokufa kwanza. Na tangu miaka ya 1950 vidukari wa viazi na kabichi walianza kuzizoea hata zile dawa kali. Mwaka 1962 Rachel Carson wa Marekani alitoa kitabu chake, Silent Spring, na mwaka 1972 nchi yake ikaikataza DDT mashambani. Tunasema haya bila kuzitukana dawa za dukani. Ziko nyakati zinapohitajika, nalo ghala la Chama huziuza. Tunalaumu kuuziwa chupa pasipo maelezo.

Liko jambo moja ambalo hakuna dawa, ya jikoni wala ya dukani, iliyoliweza, na historia yake ilianza karibu na kwetu. Katika Chuo cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 katika Usambara ya mashariki, mtaalamu Zimmermann alieleza mwaka 1907 ugonjwa wa karanga unaodumaza mmea na kuyakunja majani yake kama ua. Ugonjwa huo huitwa roseti. Mwaka 1928 Storey na Bottomley, waliofanya kazi Afrika Kusini, walitangaza kwamba unaenezwa na kidukari, na mwaka huo huo Storey alikuja kufanya kazi Amani. Kidukari mmoja mwenye mabawa hutua, huchoma, huacha ugonjwa, huruka. Ukimnyunyizia kesho umechelewa. Kilichofaa ni kupanda mapema mvua ianzapo, kupanda kwa kubanana ili ardhi isionekane wazi, na kung'oa karanga zilizojiotea zenyewe. Maharage yetu yana batobato ienezwayo vivyo hivyo, na viazi pia. Anayeona jani la maharage limejikunja na kupata mabaka, sabuni aiweke, mmea aung'oe.

Jambo la mwisho tulilojifunza lilitoka kwa bibi mmoja mwanachama, ambaye hakupata kusoma kitabu cho chote kati ya hivyo. Alituambia tuwatazame sisimizi. Vidukari hutoa maji matamu, na sisimizi huwachunga kama mfugaji achungavyo ng'ombe, wakiwafukuza wale wadudu wekundu. Yeye huvunja njia ya sisimizi kwa majivu kuzunguka shina, wala hanyunyizi kitu juu ya jani. Tulimcheka kidogo. Kisha tukajaribu kwenye michungwa yetu mitatu, na majani machanga yakafunguka.

Msimu huu, kwa shauri la mkutano, mistari miwili ya kabichi katika shamba la mfano imeachwa bila dawa yo yote, majivu ya bibi yakiwa chini tu. Juma la tatu vidukari walijaa, na wanachama wawili wakaja na ndoo zao za sabuni wakitaka ruhusa. Tukawaomba wangoje. Jumamosi iliyopita, tulipogeuza majani, tulihesabu maganda ya hudhurungi 41 katika kabichi moja.