Nyumba ya kampuni huko Kericho na Bomet

Sisi Mombasa twaijua nyumba bila ardhi. Kwenye mashamba makubwa ya chai, Kericho na Bomet, mfanyakazi hana hata hiyo nyumba: kijiji kizima ni cha kampuni. Kazi ikiisha, naye ahama.

Mwenye fleti aliyechoshwa na ada za usafi na walinzi ana afadhali. Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa fleti yampa kura katika shirika la wenye nyumba, hata wakigombana. Mchuma chai hana kura hiyo.

Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchuma chai Kericho. Wengi walisema ni ugomvi wa ajira. Mimi naona na paa pia. Mashine haihitaji chumba cha kulala.