Pamba, Reli na Miwa katika Bonde la Ruzizi

Ukimwambia mtoto wa Sange kwamba zamani garimoshi lilipita katika bonde hili, atadhani unamtania. Lakini lilipita. Reli ya Kivu, iliyojulikana kwa kifupi cha CEFAKI, ilianzia bandari ya Kalundu karibu na Uvira, ikafuata Bonde la Ruzizi hadi Kamanyola, safari isiyotimia kilomita mia moja. Ikakomea hapo, kwa maana mbele yake palisimama miteremko ya Ngomo. Mizigo ilishushwa, ikapakiwa katika malori na kupanda polepole mpaka Bukavu, mji ulioitwa Costermansville katika siku zile. Kufikia mwaka 1931 reli ilikuwa kazini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaondolewa. Maisha yake hayakupita umri wa kijana mmoja, ila mambo yaliyokuja pamoja nayo hayakuondoka.

Sisi tulio katika bonde hili tumezoea kusema kwamba kwetu hakukuwa na viwanda, na kwa hiyo historia ya viwanda ni historia ya watu wengine. Tunaona kwamba usemi huo hauna ukweli. Viwanda vya nguo vya Manchester na vya Gent, huko Ubelgiji, viliwakuta mafundi wa mikono vijijini mwao, wakiwa na mitambo yao ya kufumia nyumbani, vikawahamishia mjini. Mwanakijiji wa kule alipoteza ufundi wake, akapata mshahara na saa ya kengele. Sisi hatukuhamishwa. Kiwanda kilibaki mbali, ng'ambo ya maziwa na bahari, kikatuma mkono wake tu: kikahitaji pamba, na udongo wa Ruzizi ukaonekana kuifaa.

Mkono huo haukuja kama mnunuzi anayebisha hodi. Kwanza ilikuja kodi. Amri ya mwaka 1910 iliweka kodi ya kichwa ya fedha kwa wanaume wa Kongo, na mtu asiyekuwa na fedha alilazimika kuitafuta. Mwaka 1917, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea, serikali ya koloni ikapata uwezo wa kuagiza kila kijiji kilime mazao yaliyotajwa, na asiyelima aadhibiwe. Mwaka 1921 nchi ikagawanywa katika maeneo ya pamba: kampuni iliyojenga kiwanda cha kuchambua pamba katika eneo fulani ilipewa peke yake haki ya kununua pamba yote ya mahali hapo. Kwa hiyo mkulima hakuchagua zao, wala mnunuzi, wala bei. Kwa jina alikuwa mkulima huru katika shamba lake mwenyewe. Kwa kweli alikuwa mfanyakazi wa kiwanda asiyelipwa mshahara, anayebeba peke yake hasara ya ukame na ya wadudu. Bei ya dunia ilipoanguka baada ya mwaka 1929, kampuni ilimpunguzia yeye, na amri ya kulima haikupungua.

Sheria ya mwaka 1933 iliweka kikomo cha siku 60 kwa mwaka za kazi hizo, ambazo kwa upole wa maneno ziliitwa kazi za mafundisho. Mwaka 1942, vita vya pili vilipohitaji mali nyingi zaidi, siku zikawa 120. Na hesabu hiyo ilimtaja mwanamume peke yake. Anayejua pamba anajua kwamba kuipalilia na kuichuma kunahitaji mikono mingi, na mikono hiyo ilikuwa ya mke na ya watoto, ambao hawakuandikwa katika daftari lolote. Msimu wa pamba ulishindana na msimu wa chakula. Ndiyo sababu moja ya muhogo kupata nafasi kubwa hivi mezani petu: unasubiri ardhini, hauharibiki upesi, haumkasirikii mtu aliyechelewa kuuvuna kwa kuwa alikuwa kwenye pamba.

Hapa fikra za watu juu ya mali zilianza kugeuka, na jambo hili ndilo linalotushughulisha zaidi. Katika desturi ya bonde na ya milima iliyo juu yake, ardhi iligawiwa na mkubwa wa ukoo au mwami, naye aliyepewa alitoa zawadi ya heshima. Ng'ombe ndiye aliyepima utajiri, akaunganisha koo kwa mahari na kwa kukopeshana. Pamba ilileta kipimo kingine. Sasa siku ya kazi ilikuwa na bei, hata kama bei hiyo ilikuwa dhuluma. Kijana aliyelipwa na kampuni hakulazimika kumngojea baba yake kwa kila kitu. Wengine waliuonja uhuru katika jambo hilo, nasi tusiwasimange. Kitambaa, chumvi ya dukani na ada ya shule vilitoka mle mle katika gunia la pamba. Koloni lilichukua kingi, na bado watu walijipatia humo kitu ambacho hawakutaka kukirudisha.

Gunia lilisafiri mbali kuliko mwenyewe. Kutoka Kalundu njia ya ziwa ilielekea Albertville, yaani Kalemie ya leo, au Kigoma, ambako reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika mwaka 1914. Kwa mapatano ya mwaka 1921 Wabelgiji walipewa na Waingereza sehemu zao wenyewe katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, na wenyeji wa huko wakaziita Belbase. Bonde letu likawa limefungwa na Bahari ya Hindi.

Tunapozungumza juu ya kazi na haki yake, Wakatoliki hukumbuka upesi waraka wa Papa Leo XIII, Rerum Novarum, wa tarehe 15 Mei 1891, uliosema kwamba ujira haupaswi kuwa mdogo kiasi cha kumshinda mfanyakazi mnyofu kuishi. Waraka huo uliandikwa ukiwatazama wafanyakazi wa viwanda vya Ulaya. Miezi minne baadaye, Septemba mwaka uleule, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambaye mwenyewe alikuwa Mkatoliki, alitoa amri ya siri ya kuitengea dola yake mpira na pembe za ndovu za Kongo. Tarehe hizo mbili hazijazoea kusomwa pamoja. Swali la ujira wa haki liliulizwa kwa ajili ya mfumaji wa Gent, na ilichukua muda mrefu mno kuulizwa kwa ajili ya yule aliyelima pamba ya kufumwa Gent.

Baada ya vita vya pili koloni lilijaribu njia nyingine. Katika mpango wa miaka kumi wa 1949 hadi 1959, vijiji vingi vya Kongo viliingizwa katika utaratibu ulioitwa paysannat: familia zilipimiwa viwanja vilivyonyooka na kufuata mzunguko wa mazao chini ya macho ya monita wa kilimo. Bonde la Ruzizi lilikuwamo. Uhuru ulipofika mwaka 1960, monita akaondoka na bei haikupanda. Mwaka 1964 wakulima wa bonde walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuinuka katika uasi wa mashariki, na mwezi Mei Uvira ikaanguka. Hatusemi kwamba pamba ndiyo iliyoleta uasi. Ugomvi wa utawala ulikuwa mwingi. Lakini waliochukua mikuki walikuwa wakulima.

Kiwanda chenyewe, chenye bomba la moshi na king'ora, kilikuja Kiliba, kusini mwa Sange, katika miaka ya 1950: kiwanda cha sukari. Hicho kilibadili maisha kwa namna ambayo pamba haikuweza. Mkata miwa alikuwa na mwisho wa mwezi. Mwenye duka alimkopesha kwa kujua siku ya malipo. Watu wa makabila mbalimbali waliishi safu moja ya nyumba, watoto wao wakacheza kwa Kiswahili. Nguvu ya kampuni ilimzunguka mtu tangu kuzaliwa kwa mtoto wake hata maziko ya mama yake, na wengi waliridhika nayo. Fundi wa mitambo alifundisha wengine. Hadi leo ukimtafuta mtu wa kutengeneza mashine ya kusagia muhogo, usishangae kusikia kwamba baba yake alifanya kazi Kiliba.

Vita vya mwaka 1996 vikakinyamazisha kiwanda kwa miaka mingi. Walioachwa bila mshahara walirudi kwenye jembe, lakini hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kurudi si jambo rahisi. Mtu aliyeacha shamba la ukoo kwa miaka 20 hukuta mwingine analima. Na sheria haimsaidii sana. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya Dola. Kuhusu ardhi zinazokaliwa kwa desturi za wenyeji iliahidi amri ya Rais ya kueleza haki zao, na amri hiyo haikutolewa. Kwa hiyo mwenye hati ya mjini na mwenye neno la mwami wanaweza kusimama juu ya tuta moja, kila mmoja akisema kweli.

Njia kuu ilibaki. Malori yakashika kazi ya garimoshi, yakipitisha mafuta na bidhaa katikati ya makazi yetu kuelekea Bukavu. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka Sange. Watu walikuwa wamekusanyika kutazama mchezo wa Kombe la Dunia. Wengine walikwenda na ndoo na madumu. Moto ukawaka. Walikufa zaidi ya watu 230, watoto wengi wakiwamo, na walizikwa katika makaburi ya pamoja. Baadaye yalisemwa mengi juu ya ujinga wa wanaoteka mafuta. Sisi tuliokuwa karibu tulijua bei ya dumu moja la petroli na bei ya siku moja ya kulima shamba la mtu, na hatukuhitaji kuelezwa.

Mpunga ndio unaoshika sasa sehemu za bonde zenye mifereji, na mashine za kukoboa zinanguruma mahali ambapo akina mama walitwanga. Saa walizookoa akina mama hao wamezipeleka sokoni, wakiuza kwa vipimo vya bakuli, na wengi wao ndio wanaolipa ada ya shule. Shamba wanalolima limeandikwa kwa jina la mume, au la shemeji, au halikuandikwa kabisa.