Sarafu Isiyosema

Kiswahili hakikuona haja ya kutenga madini na mali: fedha ni kile cheupe kinachofuliwa bangili, na fedha ni kile kinachonunua mchele. Neno sarafu nalo lina nasaba ya kupendeza. Shina lake la Kiarabu, lenye maana ya kugeuza na kubadilisha, ndilo lililozaa sarufi, elimu ya mageuko ya maneno. Kwa hiyo mshairi na mvunja fedha wamekunywa maji ya kisima kimoja. Yuko wa tatu ambaye hatajwi katika ukoo huu, naye ni fundi wa mazingaombwe, ambaye sarafu hugeuka kiganjani mwake ikawa haipo. Jambo la ajabu kwake ni kwamba sarafu anayoitafuta kwa bidii ni ile ambayo wengine wote wameikataa, iliyolika hata sura ya mfalme haitambulikani.

Katika biashara ya bahari desturi ilikuwa kinyume kabisa. Riale ya Maria Theresa, iliyoendelea kupigwa ikiwa na mwaka 1780, mwaka wa kufa kwake malkia huyo wa Austria, ilizunguka Arabuni, Uhabeshi na pwani ya Afrika Mashariki hadi Unguja. Wapokeaji wake wengi walikuwa wakaidi. Waliitazama bizimu ya begani mwa malkia na kuhesabu lulu zake tisa. Lulu zikifutika kwa kusuguana, riale ilitiliwa shaka, hata kama fedha yake ilikuwa safi. Mchakao ulikuwa aibu ya sarafu.

Shaka hiyo haikuzuka bure. Ulaya nzima ilisumbuliwa na wakata kingo, watu waliopunguza kila sarafu kidogo kwa mkasi, wakayayeyusha mabaki na kuyauza. Uingereza, ambako kosa hilo lilikuwa la kunyongwa, ilianza mwaka 1662 kupiga sarafu kwa mashine, zenye vijino au maandishi ukingoni, ili aliyekata ajulikane mara moja. Mwaka 1696 sarafu za zamani zilizopigwa kwa nyundo zilikusanywa na kuyeyushwa, na mwaka huohuo Isaac Newton akaingia kazini katika nyumba ya kupigia fedha mjini London. Vijino vile viliwekwa ili kumnasa mwizi. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja vitamfaa mtu anayefanya wizi wa macho tu.

Na hakika vinamfaa. Msingi wa kazi yake ni kuibana sarafu katikati ya kiganja, baina ya nyama ya shina la kidole gumba na nyama iliyo upande wa pili, vidole vikibaki vimelegea kama vya mtu asiyeshika kitu. Reginald Scot, Mwingereza aliyechapisha mwaka 1584 kitabu cha kupinga mauaji ya watu waliodhaniwa wachawi, alieleza humo namna ya kuficha fedha mkononi. Kusudi lake lilikuwa zito: kuonyesha kwamba mengi yanayoitwa uchawi ni wepesi wa mkono tu, na kwamba hapaswi mtu kufa kwa ajili yake. Karibu miaka mia tatu baadaye, mwaka 1868, Mfaransa Robert-Houdin, aliyeanza maisha kama fundi saa, aliandika kitabu cha siri za sanaa hiyo na kuipanga kama elimu.

Aliyeifanya sarafu peke yake iwe tamasha zima ni Mmarekani T. Nelson Downs. Alizaliwa Iowa mwaka 1867, akafanya kazi ya telegrafu katika reli, na kwenye saa ndefu ambazo waya ulikuwa kimya alifundisha vidole vyake. Mwaka 1899 alikuwa katika jukwaa la Palace, London, akijiita Mfalme wa Sarafu. Mchezo wake mkubwa uliitwa Ndoto ya Bahili: mtu ananyoosha mkono hewani, anachuma sarafu kama anayechuma embe, anaitupa ndani ya kofia, kisha nyingine na nyingine tena. Hapo ndipo penye utamu wa jambo. Sarafu inapogonga ndani ya kofia lazima isikike hadi viti vya nyuma. Lakini zile zinazongoja zamu yake nyuma ya vidole, zimelaliana, zisitoe hata mnong'ono. Chuma kilekile kinatakiwa kiseme upande mmoja na kinyamaze upande wa pili.

Wafanya mazingaombwe wa Marekani husema hivyo hasa, kwamba sarafu “inasema”. Sarafu mpya ni msema hovyo. Mchoro wake umeinuka, kingo zake ni kali, na ikiteleza juu ya mwenzake husugua kama tupa juu ya tupa. Iliyopita mikononi mwa watu kwa miaka thelathini au arobaini imelainika. Hupita juu ya nyingine kama kanga juu ya kanga. Wao huiita laini, ingawa madini yake hayakubadilika. Ila kulika nako kuna mpaka wake, kwa kuwa vijino vikiisha kabisa kiganja hakina cha kukamata. Anayechagua hupapasa ukingo kwanza, ndipo atazame uso.

Kipimo kilichowafaa wengi ni nusu dola, yenye upana wa milimita 30.6 na uzito wa gramu 12.5 inapotoka kiwandani. Kitabu cha J. B. Bobo cha mwaka 1952, ambacho wanafunzi wa sanaa hii bado wanakisoma, kimejaa michezo ya sarafu ya kadiri hiyo. Wakati huo haikuwa shida kuipata, kwani ilirudi na chenji ya dukani. Kisha sheria ya mwaka 1965 ikaipunguzia fedha hadi asilimia 40, na kuanzia mwaka 1971 nusu dola za matumizi ya kawaida hazikuwa na fedha hata chembe, bali shaba na nikeli. Zile za zamani watu walizificha majumbani.

Pigo lenyewe lilikuja Januari 1980, wakia moja ya fedha ilipokaribia dola 50. Nusu dola ya zamani ilikuwa na fedha ya thamani ya kama dola 18, na watu wakapanga foleni kuuza. Iliyong'aa iliokolewa na wakusanyaji. Iliyolika haikuwa na mtetezi, ikaenda kwenye tanuri. Hasara hiyo haina fidia, maana fedha haipiti tena sokoni mkono kwa mkono, na hakuna kiwanda kinachotengeneza miaka arobaini ya mifuko, jasho na meza za maduka. Wapo wanaozisugua sarafu kwa msasa au kuzizungusha katika pipa la mchanga. Zinalainika, ni kweli, lakini zinalika pasipo mpangilio, na jicho lililozoea hulitambua kovu la msasa.

Kwa hiyo fundi huinamia mfuko wa sarafu zinazouzwa kwa uzani, akitafuta nne zinazofanana kama ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa mchezo wa kuzihamisha kutoka mkono huu hadi ule hauvumilii iliyo tofauti. Mara nyingi huangukia nusu dola zilizopigwa baina ya 1892 na 1915. Juu ya paji la mwanamke aliyechorwa humo pana utepe ulioandikwa Uhuru kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo mno. Mkusanyaji huzihesabu herufi hizo moja moja ili akadirie bei. Fundi huweka kando zile ambazo neno hilo bado linasomeka, akachukua ambazo limekwisha futika na ukingo wake ungali na meno.