Katoni Tatu za Guka

Tulipomaliza kumzika guka, kila mtu alikuwa ashajua anachukua nini. Anko mkubwa, ng'ombe. Anti, viti vya sebuleni. Halafu tukafungua stoo tukapata katoni tatu za santuri, na ghafla kila mtu akawa mtaalamu wa muziki.

Anko akashika moja yenye lebo ya njano, Deutsche Grammophon, Beethoven, akasema, "Hizi huko majuu ni pesa ndefu." Katoni mbili zilikuwa za hizo. Ya tatu, zile sahani ndogo za River Road, ikasukumwa kando ya mlango pamoja na magazeti ya kuwashia moto. Kisha nikaambiwa, "Wewe si uliacha chuo? Una muda. Tafuta mnunuzi."

Sawa. Nikatafuta. Na nilichojifunza nataka mkijue kabla hamjafungua stoo ya kwenu.

Tuanze na hizo za njano. Zilifikaje kijiji cha Nakuru? Guka alikuwa karani kwa mzungu mwenye shamba. Baada ya uhuru, 1963, masetla wengi waliuza mashamba wakaondoka, na si kila kitu kilibebwa. Kwa huyu, gramafoni ilibaki na santuri zikabaki. Guka akawa anacheza Beethoven kila Jumapili akitoka kanisani. Sisi watoto tulidhani ni muziki wa matanga.

Sasa bei. Deutsche Grammophon ilianzishwa 1898 mjini Hanover na Emile Berliner, mtu aliyevumbua gramafoni ya kucheza sahani bapa. Sahani za zamani zilibeba dakika nne au tano upande mmoja, kwa hivyo simfoni moja ilikuwa rundo zima la kubeba kwa mikono miwili. Mwaka wa 1948 Marekani wakatoa santuri ndefu, ile ya mizunguko 33 kwa dakika, inayobeba dakika ishirini na kitu kila upande. Hapo muziki wa klasiki ukapata nyumba, na kampuni zikachapa bila huruma. Seti ya Karajan ya simfoni zote 9 za Beethoven, iliyorekodiwa Berlin 1961 na 1962, iliuzwa zaidi ya nakala milioni moja.

Piga hesabu. Kuna maguka wangapi huko Ulaya wenye katoni kama yetu? Nao pia wanazeeka, wanakufa, na wajukuu wao wanatafuta mnunuzi kama mimi. Tena muziki wenyewe uko kwa simu yako saa hii. Kitu kikiwa kingi na wanaokitaka ni wachache, bei inalala. Ziko za klasiki zinazouzwa ghali, hasa chapa za kwanza za wapiga fidla fulani wa miaka ya 1950. Zetu hazikuwa hizo. Anko alininunia wiki nzima.

Haya, katoni ya mlangoni. Zilikuwa sahani za mizunguko 45, wimbo umekatwa mara mbili: upande wa kwanza unaimbiwa hadithi, unageuza, upande wa pili gitaa zinachemka. Hiyo ndiyo benga ya miaka ya 1970, wakati River Road ilikuwa imejaa maduka ya muziki na maprodyuza. Mmoja wao, Oluoch Kanindo, alisambaza benga mpaka Zimbabwe, na wasee wa huko wakaanza kuuita muziki huo kanindo. Ndani ya katoni kulikuwa pia na za Joseph Kamaru, yule aliyeimba kuhusu kuuawa kwa J.M. Kariuki mwaka wa 1975, wakati watu wazima walikuwa wananong'ona tu.

Hizi hazikuchapwa kwa mamilioni. Zilichezwa kwa baa na kwa sherehe mpaka zikakwaruzika. Kisha kaseti zikaingia, za kunakili kiharamu zikajaa kila kona, na biashara ya santuri ikafa. Ndiyo maana mtu wa kwanza kujibu tangazo langu, akiandika kutoka ng'ambo, hakuuliza kuhusu Beethoven hata kidogo. Aliuliza, "Una za benga?" Akataja bei ya katoni nzima bila kuziona. Anko akasema, "Uza leo."

Sisemi kuuza ni dhambi. Pesa ni pesa, na mazishi yalituacha na madeni. Lakini kumbukeni Hugh Tracey. Mwaka wa 1950 alirekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakiimba Chemirocha. Rekodi ikatunzwa vizuri, Afrika Kusini, dunia ikaisikia. Nakala zilirudi kijijini zaidi ya miaka 60 baadaye. Hakuna aliyevunja mlango wa mtu. Muziki uliondoka tu, na waliobaki wakazeeka bila kuusikia.

Upande mwingine kuna mjukuu wa Kamaru, naye anaitwa Joseph Kamaru, mnamjua kama KMRU. Mzee alipofariki 2018, yeye akaanza kuzitoa upya nyimbo za guka wake mtandaoni, kwa jina la familia. Huyo alirithi kazi ya kufanya.

Kwa hivyo tulikaa na anko na shosho tukakubaliana hivi. Za klasiki tumeziuza kwa bei ya kawaida, pesa ikaenda kwa deni. Moja tu imebaki, kwa sababu guka aliandika kwa penseli nyuma yake tarehe ambayo mamangu alizaliwa. Sahani ndogo haziuzwi kwanza. Ninaziosha moja moja, nazisimamisha wima zisipinde, naandika msanii, lebo na namba, kisha nazirekodi kwa kompyuta. Zikiisha, familia nzima ipate nakala, ndipo tuongee kuhusu mnunuzi.

Juzi nilicheza moja ya Kamaru. Shosho alikuwa jikoni anamenya viazi. Akaacha kisu, akaja akaketi, akaimba upande wa pili wote. Anko alikuwa hapo. Hajaniuliza tena kuhusu yule mnunuzi.

Kwenu kuna katoni gani kando ya mlango? Ulizeni wazee kabla moto haujawashwa.